Mkono Mmoja Mtoto, Mkono Mmoja Gia

Jumapili baada ya misa mlinizunguka pale nje ya kanisa, kila mmoja na swali lake, nami nikawajibu ovyo kwa sababu Agneta alikuwa analia mgongoni na baba yake, Fanuel, alikuwa amesimama karibu. Sasa nimekaa. Mtoto amelala, mwenye gari yuko kazini. Nitawaeleza yote kwa mpango, tangu hapa Eldoret mpaka kwetu Sigalame, na anayetaka kucheka acheke, ila asinidai mimi nicheke naye.

Mnajua kilichotupeleka. Baba alijikata mguu kwa jembe, akafunga majani, akaendelea kulima. Kidonda kikavimba, kikaanza kunuka, na wekundu ukawa unapanda kwenda goti. Kaka yangu Barasa alikwenda mpaka hospitali ya misheni upande wa Uganda, akaahidiwa kitanda. Baba akakataa kuondoka. Alisema watu wanaokwenda kukatwa na madaktari, wengine hawarudi, na yeye hatakwenda kabla ya kumshika mtoto wa binti yake, ambaye hajamwona hata mara moja. Hakuna aliyeweza kumtikisa. Basi Jumanne ujumbe ukatufikia: leteni mtoto, mzee anawangoja, na mguu haungoji.

Jambo moja zaidi, wale wa makabila mengine mnielewe. Kwetu mtoto wa kwanza haletwi nyumbani kwa mama yake na mama peke yake. Analetwa na baba yake. Ukitokea na kichanga mgongoni bila mume, watu hawaulizi habari ya safari, wanauliza umefukuzwa kwa kosa gani. Kwa hiyo nilifungwa kwa Fanuel, na Fanuel alikuwa amefungwa kwa gari.

Basi la asubuhi lingetufikisha Busia jioni ileile, na kesho yake mapema tungekuwa Sigalame. Nilimwambia. Akanijibu kwamba mtu mwenye gari hapandi basi kwenda kwa wakwe.

## Eldoret mpaka Malaba

Gari lenyewe mmeliona. Viti viwili, paa la turubai, rangi ya kijani kama chupa. Alilinunua kwa mzungu wa shamba aliyekuwa anauza kila kitu aondoke, hadi vikombe. Liko chini hivi kwamba ukikaa ndani, gurudumu la lori linapita usawa wa uso wako. Mzungu alimwambia gia zake ni laini kama siagi. Siku ya kulijaribu zilikuwa laini kweli.

Tuliondoka Jumatano jua limekwisha panda, kwa sababu lilibidi lifutwe kwanza. Mtoto mapajani, kikapu cha nepi miguuni, sanduku limefungwa nyuma kwa kamba. Mpaka Turbo Fanuel alikuwa anapiga mluzi. Baada ya Turbo nikasikia sauti chini ya miguu yangu, kama ng'ombe aliyetengwa na ndama wake. Nikamwuliza ni nini. Akasema magari ya namna hii huimba.

Karibu na Webuye likaacha kuimba, likaanza kutema. Akiweka gia ya tatu inakaa kidogo, halafu kijiti cha gia kinaruka chenyewe mpaka katikati, injini inanguruma bure na gari linalegea barabarani. Anakirudisha, kinaruka. Nyuma yetu lori la mahindi linapiga honi kama linatufukuza. Mwishowe akaniambia nikishike mimi.

"Kisukume mbele, Mama Agneta. Usikiache, hata kikikupiga."

Hivyo ndivyo nilivyosafiri. Mkono wa kushoto mtoto, mkono wa kulia gia. Kile kijiti kilitetemeka mpaka kwenye meno yangu. Kila akitaka kubadilisha ananiambia acha, naacha. Ananiambia shika, nashika. Agneta alinyonya titi moja tu kutoka Webuye mpaka Bungoma, maana upande wa pili ulikuwa kazini. Na muda wote nilikuwa nauona mguu wa baba. Sikuwa nimeuona bado kwa macho, lakini nilikuwa nauona, na wekundu unapanda.

Pale Bungoma nilitegemea tushuke njia ya Mumias. Fanuel akashika ya Malaba. Alisema huko yuko Etyang, waliyesoma naye, anafanya kazi stesheni ya reli, na stesheni ina mafundi wa kila aina. Ilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba Etyang hakuwa ameliona gari hilo. Nilikisukuma kijiti kwa nguvu kuliko alivyotaka.

## Malaba, kwa Etyang

Etyang ni mtu mwema, sina neno naye. Alilizunguka gari, akapiga kofi kwenye bati, akaketi ndani, akatoka, akaketi tena. Mkewe, Apolot, alimchukua mtoto mikononi mwangu kabla hatujaulizana majina, akaona vidole vyangu vimekataa kunyooka, akavisugua kwa maji ya moto. Tulikula ugali wa wimbi na kunde zilizopikwa kwa ufuta. Kwa njaa niliyokuwa nayo ningekula na chungu.

Nje wanaume walikuwa wamezunguka mtungi wa ajon, ile pombe ya wimbi wanayoivuta kwa mirija mirefu, kila mtu amekaa mbali na mtungi kama anavua samaki. Fanuel akapewa mrija. Fundi angekuja asubuhi.

Asubuhi ya Alhamisi fundi alikuja, mtu mnene, mzito wa maneno, amevaa ovaroli ya reli. Alilala chini ya gari akafungua kizibo cha giaboksi ili amwage oili. Kilichotoka hakikuwa oili. Kilikuwa uji. Uji wa kahawia, mzito, unaanguka kwa mafungu, na ndani yake unga wa mbao, ule wa msumeno. Fundi aliupikicha kwa vidole akaunusa.

"Hii gari ililishwa," akasema. "Meno imekwisha. Mwenyewe ametia unga ya mbao isipige kelele siku ya kuuza."

Nilimtazama Fanuel. Alikuwa anatazama reli. Ningeweza kusema mengi pale mbele ya rafiki yake, nikaona atanichukia bure na giaboksi itabaki vilevile.

Wakaosha giaboksi kwa mafuta ya taa, wakatafuta oili nzito ya gia Malaba yote wasiipate, wakatia ya injini. Kazi hiyo iliwala mchana mzima, maana kila skrubu iliyofunguliwa ilihitaji maoni ya wanaume wote waliopita. Katikati ya kazi basi la Busia likasimama barabarani. Nilibeba mtoto na kikapu nikaenda nikasimama mlangoni pake. Kondakta akaniuliza kama napanda au naaga. Apolot alikuwa amenifuata. Hakunishika, alisema tu polepole:

"Ukifika peke yako, mzee atauliza mkwe yuko wapi. Utasema gari. Nani ataamini? Atafikiri ndoa imekufa, na hapo tena mguu utakuwa habari ndogo."

Basi likaondoka. Nililitazama mpaka vumbi lake likatulia.

Jioni gari likakusanywa. Likaacha kulia kama ng'ombe, likaanza kusaga kama mtu anatafuna changarawe. Nilimwuliza Apolot huyu fundi hutengeneza magari gani hasa. Akasema hatengenezi magari, yeye ni wa injini za treni. Nikamwuliza kama treni ina gia. Apolot akafikiri, akasema hajawahi kusikia.

## Malaba mpaka Busia

Ijumaa mapema tukashika njia inayokwenda kusini kandokando ya mpaka. Gia ya kwanza ilikuwa imekwenda kabisa. Gari likisimama haliwezi kuondoka lenyewe. Sharti lisukumwe kwanza, halafu Fanuel analitupia ya pili nalo linakurupuka kama punda aliyechapwa. Kwa hiyo tulikubaliana tusisimame. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na mvua haikuwa katika makubaliano.

Kwenye bonde la kwanza ng'ombe wa mtu walivuka, tukasimama. Nikashuka, nikamfunga Agneta mgongoni, nikasukuma. Matope mpaka magotini, gauni nililokuwa nimeliweka la kuingilia nyumbani. Bonde la pili likanasa kabisa. Nilisukuma huku nalia, si kwa huzuni, kwa hasira, na mtoto juu ananiitikia.

Wakaja wanawake wa Kiteso kutoka sokoni, vikapu vya viazi kichwani. Waliweka mizigo kwenye majani bila kuulizwa. Mmoja mwenye sauti kubwa alichungulia ndani ya gari, akahesabu viti, akaniuliza watoto watakaofuata watakaa wapi.

"Hii ni gari ya bwana na kofia yake," akawaambia wenzake, wakacheka mpaka mmoja akaketi chini.

Fanuel hakucheka. Walilitoa kama wanavyotoa ndama kisimani, na yule mwenye sauti akaniambia nipande haraka, lisiniache. Sikuwa na muda hata wa kuwashukuru, gari lilikuwa linakwenda nami nalifukuza. Nilipoingia nilishika kijiti, na kwa mara ya kwanza nikakisikia kinacheza ovyo mkononi, kama jino linalotaka kutoka.

## Busia, saa ya sala

Tuliingia Busia mjini adhana ikiita. Duka la vipuri tulilotajiwa lilikuwa la Mzee Ramadhani, mtu mrefu wa ndevu nyeupe, na tulimkuta anateremsha mbao za mlango. Nyuma ya duka alikuwa na uwanja wa kutengenezea magari, na fundi wake alikuwa ameshavaa kanzu.

Fanuel alianza kueleza kwa adabu. Mzee akasema karibu, ngojeni, sala kwanza. Hapo nikavunjika. Nilikuwa na matope mpaka nyweleni, na tangu Jumatano sikuwa nimepandisha sauti. Nilimwambia hatuna nafasi ya kungoja mtu akiswali.

Hakukasirika. Alimalizia kufunga kufuli.

"Dada, giaboksi imeharibika tangu kwa mzungu. Haitaharibika zaidi nikiinama mbele ya Mola wangu."

"Giaboksi ndiyo, mzee," nikamwambia. "Lakini kuna mguu wa baba yangu unaoza Sigalame, na hautoki bila sisi. Huo haujui kuswali."

Alinitazama vizuri, halafu akamtazama mtoto. Akamwita mkewe aliyekuwa dirishani, akasema huyu ni mgeni wako. Akaenda msikitini. Fanuel akaniambia nimemwaibisha.

Mkewe, Bi Zaituni, aliniogesha kama mimi ndiye mtoto. Alileta pilau ya Ijumaa, sahani iliyojaa, nikaipeleka kinywani ikakataa kushuka. Alinipa leso ya kuvaa gauni likikauka. Nikiwa nimeivaa hiyo nikakimbia mpaka stendi kuuliza gari la kwetu. Siku zile tatu zilikuwa zimenifundisha niulize mwenyewe. Basi linalopita barabara kubwa ya kwetu lilikuwa limeondoka asubuhi. Lingine ni kesho mchana. Nilirudi, na wale vijana wa stendi wakaniita shemeji kwa ajili ya leso, wakidhani nimeolewa pale mjini.

Mzee Ramadhani alirudi kutoka msikitini moja kwa moja, bila hata kupitia chai, akakunja mikono ya kanzu. Yeye na fundi wake walilifungua gari mpaka magharibi. Vipuri vya gari la namna ile hakuwa navyo, wala hapakuwa na mtu Busia mwenye navyo. Walichonga kitu kutoka gari jingine, wakakaza, wakafunga kwa waya. Hakunidanganya, nampa heshima yake. Alisema inaweza kufika na inaweza kukataa, na tusiichezee gia njiani.

Tulilala kwao. Mimi nililala macho wazi, nikihesabu: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Mtu aliyekuwa anangojwa nilikuwa mimi.

## Busia mpaka Sigalame

Jumamosi jua halijapata nguvu tuliondoka. Mpaka Matayos vizuri. Daraja la mto Sio tulilivuka vizuri, na Fanuel akathubutu kusema kwamba gari limepona. Nilimwambia anyamaze. Nilikuwa nimekishika kijiti kwa mikono miwili, mtoto nimembana kwa mapaja.

Tulipita Funyula. Mlima wa kwanza kuelekea kwetu ulipoanza, Fanuel akataka kurudi gia ya pili. Nilisikia kitu kikikatika ndani, sauti ndogo kama mfupa wa kuku. Kijiti kikalala mkononi mwangu kama mwiko kwenye uji mwepesi. Ya pili hakuna, ya tatu hakuna, ya nne hakuna. Gari likaanza kurudi nyuma taratibu, akakanyaga breki.

Alijaribu kila upande. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni. Halafu akakisukuma kile kijiti pembeni kabisa na kukivuta chini, kikaingia kwa kishindo. Rivasi. Katika gia zote za mzungu, hiyo moja ndiyo iliyobaki.

Tukatazamana. Nyumbani kulikuwa kumebaki mwendo ambao peke yangu ningeutembea. Lakini Fanuel alisema neno la kwanza la maana tangu Jumatano: kwamba Sigalame hakuna gari, na kama mzee akikubali kuondoka atatolewa na nini.

Wanaume watatu waliokuwa wanakwenda mazishini walilishika gari kwa bampa, wakalinyanyua, wakaligeuza kama kitanda. Lile si gari zito. Mkia ukaelekea nyumbani, pua ikaelekea Busia. Nasi tukaanza kwenda kwetu kinyumenyume.

Mwanzo Fanuel aligeuza shingo kuangalia nyuma. Kabla hatujapita shule shingo ikakaza, akawa hawezi kuizungusha hata kwa mkono. Basi nikamfunga mtoto mgongoni, nikapiga magoti juu ya kiti nikitazama tuendako, nikawa macho yake. Kulia. Kulia zaidi. Simama, kuna mbuzi. Kushoto. Yeye ametazama mbele moja kwa moja, uso wake kwa Busia. Rivasi ile haikuwa na haraka, ila ilikuwa na nguvu. Mlima uliotushinda tuliupanda kwa matako kana kwamba ni tambarare, kisha tukashuka bondeni kwetu. Watu walitoka majumbani. Walikuwa wanatafuta maana.

## Nyumbani

Hapa lazima niwaeleze wale msiojua. Mkwe wa kiume na mama mkwe wetu hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja anaingia migombani. Mama yangu tangu niolewe hajamwona Fanuel ila mabega kwa mbali, na Fanuel akimwona mama huwa anashika kofia na kutafuta mti.

Sasa fikirini. Uwanja umejaa watu waliokuja kumwona mgonjwa. Mama yuko mlangoni na beseni la maji. Linaingia gari, mkia mbele. Mkwe ameketi wima kama askari, mgongo kwa nyumba, uso ameupeleka kabisa Busia, hageuki hata kidogo. Mkewe ndiye anayemwongoza, ili jicho lake lisije likaangukia mahali pasipofaa.

Mama alikuwa amekwisha anza kukimbilia migombani. Akasimama. Hakukuwa na haja ya kukimbia.

Baba mdogo Ouma, mdogo wake baba, ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ya kila mtu kusikia.

"Nimeona wakwe. Nimeona wa kofia, nimeona wa kuinama. Huyu ameligeuza gari zima."

Wazee wakaitikia. Bibi mmoja alipiga kigelegele, katika nyumba ya mgonjwa. Walisema mkwe aliyesoma namna hiyo na bado akaikumbuka heshima, hawajapata kumwona. Fanuel alifungua kinywa. Nadhani alitaka kueleza, lakini shingo haikumruhusu hata kumgeukia anayesifu, na hilo nalo likahesabiwa adabu. Mama alinijia taratibu nyuma ya gari, akamfungua Agneta mgongoni mwangu. Kwa mara ya kwanza alisimama nyuma ya kisogo cha mkwe wake, karibu hivi, akakitazama mpaka akatosheka.

Mimi nilikuwa nimesimama na matope yangu. Nilikuwa na maneno kifuani ya kuujaza uwanja ule. Nikayaacha, nikaingia ndani.

Mguu niliusikia kwa pua kabla ya kuuona. Baba alikuwa amekonda usoni, macho makubwa. Wekundu ulikuwa umefika chini kidogo ya goti. Alimpokea mtoto, akamlaza kifuani, akamtemea mate kidogo kwenye utosi kwa baraka, akamwambia maneno yao wawili kwa Kisamia. Agneta akamshika ndevu. Kisha baba akauliza ile kelele ya nje ni ya nini. Barasa akamwambia kwamba mkwe wake ameingia kinyumenyume ili asimwone mama.

Baba alicheka. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, si ya mgonjwa.

## Kuupanda mlima

Barasa alikuwa ameongea na lori la samaki linalotoka Port Victoria kwenda Busia. Lingesimama barabara kubwa alasiri, lakini kushuka kwetu haliwezi, njia ni nyembamba na mlima una utelezi. Walikuwa wameandaa kitanda cha kambaa wambebe. Baba alikiona, akageuzia uso ukutani. Alisema kitandani anabebwa maiti.

Ikabaki gari. Vijana waliligeuza tena kwa mikono, mkia sasa ukatazama mlima na pua ikatazama nyumba. Walimketisha baba kwenye kiti changu, mguu wameutandikia mto. Barasa alisimama nyuma kumwongoza Fanuel kwa kupiga kelele, na mimi nilitembea mbele ya pua, mtoto amebaki kwa mama.

Niliogopa saa ile kuliko wakati wowote. Waya wa Mzee Ramadhani ungekatika pale mlimani, gari lingeshuka na baba ndani. Nilikuwa nasikia kila jino la ile gia. Fanuel alikuwa ameishusha kofia mpaka machoni asimwone mama, ameushika usukani mpaka vifundo vimekuwa vyeupe, midomo inacheza. Nadhani alikuwa anasali. Likapanda. Likateleza, likapanda.

Na baba alikuwa anatazama nyumbani. Ilibidi, kwa jinsi gari lilivyokaa. Kila tulivyozidi kwenda aliuona uwanja wake wote, nyumba, migomba, mama mlangoni na mtoto, watu wamesimama, vyote vinakuwa vidogo lakini haviondoki machoni. Alinyanyua mkono akamwita Ouma kwa mbali kuhusu ng'ombe fulani. Halafu akanitazama mimi niliyekuwa natembea mbele yake.

"Hivi ndivyo mtu anavyotoka kwake," akasema. "Nilidhani mtanitoa nimeipa nyumba mgongo."

Akamgeukia Fanuel na kumwita mwanangu. Fanuel aliendelea kuendesha huku analia.

Lori lilikuwepo. Vijana wakanikimbizia Agneta kutoka kwa mama, mimi na baba tukakaa mbele na dereva, na kabla jua halijatua tulikuwa tumevuka mpaka.

## Hospitalini

Walimkata kesho yake, Jumapili, chini ya goti. Yuko hai. Homa imeshuka, anakula, anawagombeza wauguzi kwa sababu ya chai yao. Mama amekwenda kumuuguza.

Mimi nilimngoja daktari kwenye baraza, nikamwuliza kwa Kiingereza changu cha shule, ili asije akanipunguzia maneno kama wanavyowapunguzia wazee. Nilimwuliza kama tungemfikisha Alhamisi. Alivua miwani, akaifuta. Akasema huenda wangeusafisha tu mguu. Akasema huenda. Hakuna mtu anayeweza kujua.

Neno hilo nimerudi nalo Eldoret kwa basi, nimekaa nalo kiti kimoja. Fanuel nilimwambia tukiwa jikoni. Hakujitetea. Alitoka nje akakaa kwenye jiwe la kunolea, mpaka nikamwita kula, na hakula. Juzi tu amesema kwamba gari lililobaki Sigalame anataka kuliuza kama vyuma. Nina hasira naye mchana, na usiku nasikia shingo yake inavyomuuma akijigeuza, na sijui niyaweke wapi yote mawili.

Sasa sikilizeni, hili ndilo nililotaka mlijue. Barasa ameleta habari kwamba baba akitolewa atapita hapa kwetu apumzike, na najua nyote mtakuja kumsalimu. Atawaketisha. Atawapa habari ya mkwe wake, aliyegeuza gari zima kwa ajili ya heshima, na jinsi alivyomtoa nyumbani huku anaitazama nyumba yake. Atawaambia mguu ni kitu kidogo.

Mwitikieni. Msitazamane.